Tembea Shamba Kabla ya Kuchagua Trekta

Vijana huja kwangu hapa Kitengela wakiwa na simu mkononi. Mmoja ananionyesha picha ya trekta nyekundu, mwingine ya bluu, halafu ananiuliza, "Mama Shiko, hii iko sawa?" Mimi humuuliza shamba lake liko wapi. Ananiambia niangalie picha kwanza. Namwambia picha nimeiona, shamba ndilo sijaona. Hapo wengine hukasirika. Wanafikiri mama amezeeka, amesahau kazi.

Sijasahau, nimestaafu tu. Miaka mingi niliendesha trekta ndogo kwenye shamba la maua upande wa Isinya, nikivuta trela katikati ya zile nyumba za plastiki, mahali ambapo ukikosea kona kidogo unaondoka na ukuta wa mtu. Baadaye nikahamia yadi moja ya matrekta hapa hapa Kitengela, kando ya barabara ya Namanga. Kazi yangu ilikuwa kuendesha trekta mbele ya mteja, na ikibidi, kuipeleka hadi shambani kwake aione ikilima kabla hajaamua. Wateja wengi walinikuta nimeketi kwenye usukani na bado wakauliza dereva ameenda wapi.

Aliyenifundisha kuchagua ni Fundi Mutiso, makanika wetu, mwanaume mwembamba aliyevaa koti la suti juu ya ovaroli hata jua likiwaka vipi. Ukimpeleka kuangalia trekta iliyotumika, hakuwa na haja na rangi. Alienda moja kwa moja akaweka kiganja juu ya boneti. Ikiwa na joto, aligeuka akaenda zake. "Wameiwasha kabla tufike," alikuwa akisema. "Hao wanaficha kitu." Injini ya dizeli iliyochoka huonyesha tabia yake ikiwa baridi. Inakohoa, inatoa moshi mweupe, inazima, inaanza tena. Ikishapata moto, inakaa vizuri kama mgeni mezani. Kwa hivyo muuzaji akikwambia uje adhuhuri, wewe fika asubuhi, umpate bado anakunywa chai.

Huyo Mutiso ndiye aliyetusimulia habari ya jamaa mmoja aliyekuwa na kipande kidogo nyuma ya nyumba, akanunua trekta kubwa kwa sababu jirani yake alikuwa na kubwa. Ilipofika haikuingia langoni, akavunja lango. Ilipoingia haikuweza kugeuka, akang'oa mipapai. Hata hivyo ikashindwa kugeuka, ikawa analima akienda mbele na kurudi kinyumenyume, bibi yake amesimama mlangoni akicheka mpaka akaketi chini. Mwishowe alinunua jembe.

Basi, mwenye ekari chache, sikiliza. Usianze na nguvu za farasi. Anza na kazi. Ni kulima tu, ama pia utakata nyasi, utavuta maji, utazungusha mashine ya kusaga? Kama ni hivyo, angalia ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine, na uhakikishe inalingana na vyombo utakavyofunga. Angalia kama magurudumu ya mbele nayo yanavuta. Uliza spea zinapatikana wapi, na usikubali jibu la "zitakuja." Angalia kile chuma kinachosimama nyuma ya kiti, kinachomlinda dereva trekta ikipinduka. Kuna watu hukikata ili trekta iingie ndani ya banda. Banda ndilo linafaa kukatwa.

Na uzito. Huu udongo wetu mweusi, kuanzia Kitengela mpaka Kajiado, ukikauka unapasuka nyufa za kumeza mkono, ukinyeshewa unakuwa gundi. Trekta nzito inaugandamiza mpaka mizizi ikose pa kupita. Lakini uzito una jambo lingine ambalo si la udongo peke yake. Hilo ndilo nataka kuwaambia, na nitawaambia kama lilivyotokea.

Ilikuwa baada ya ule ukame uliomaliza ng'ombe. Wale mnaotoka huku mnaujua, sina haja ya kueleza harufu iliyokuwa barabarani. Siku moja yadi yetu iliingiwa na mzee wa Kimaasai, mrefu, amejifunga shuka juu ya koti la baridi. Alijiita Parsaloi. Alikuwa na ekari kumi nje ya mji wa Kajiado, upande wa kuelekea Ilbisil. Ng'ombe wake walikuwa wamekufa karibu wote, na sasa alitaka kupanda nyasi za kukata na kuuza, ili hata mbuzi waliobaki wasimfie. Alitaka trekta ndogo.

Nilianza kumweleza mambo ya gia na mafuta. Akainua mkono.

"Washa," akasema.

Nikawasha ya kwanza. Akafunga macho, akasikiliza, akatikisa kichwa. Nikawasha ya pili, ile kubwa iliyokuwa karibu na lango. Huyo mzee alirudi nyuma kama mtu aliyepigwa kofi. "Zima hiyo," akasema. "Zima, mama." Nikazima. Nikawasha ya tatu, ndogo, ya bluu, yenye sauti kali kama cherehani. Aliisikiliza kwa muda. Kisha akafungua macho.

"Hii haifanani," akasema.

"Haifanani na nini, mzee?"

Aliuliza tu kama naweza kuipeleka shambani aione ikitembea.

Kumbe mzee hakuwa ameamua peke yake. Jioni nilipigiwa simu na mtoto wake, Lemayian, mwenye duka la hadiweya huko Rongai. Alikuwa kijana mwenye heshima, lakini mwenye haraka. "Mathe, hiyo kadogo mzee anataka ni toy," akaniambia. "Tunataka ile kubwa. Tukimaliza kwetu tunalimia majirani. Leta zote mbili, mzee ajionee." Tajiri wetu, mwenye yadi, akakubali, tukapakia zote kwenye lori, tukashuka Kajiado siku iliyofuata.

Tulifika jua likiwa limepita kichwani kidogo. Ulikuwa msimu wa kiangazi, upepo unazungusha nguzo za vumbi huku na kule bila mtu yeyote kuzifuata. Shamba lilikuwa tambarare, limezungushwa waya, nyasi zote zimekauka rangi ya mifupa. Zote, isipokuwa mahali pamoja katikati. Hapo palikuwa na kiraka cha nyasi za kijani, ndefu, zimesimama wima. Upepo ulikuwa ukivuma, lakini sikuziona zikiinama.

Mwanamke alikuwa ameketi kando ya kile kiraka, mgongo wake kwetu. Huyo ndiye bibi wa Parsaloi. Jina lake ni Noonkishu, na nilipouliza maana yake niliambiwa ni wa ng'ombe, yule aliyezaliwa kwa ajili ya ng'ombe. Hakugeuka lori lilipoingia. Alikuwa akisema jambo kwa sauti ya chini, ananyamaza, anasema tena, kama mtu anayeongea na mwingine ambaye pia anapata zamu yake.

Wakati wanaume wanateremsha matrekta, Parsaloi alinivuta pembeni, na hapo ndipo aliponieleza. Pale katikati zamani palikuwa na shimo kubwa la watu wa barabara waliokuja kuchimba murram ya kutandaza barabarani wakaenda zao. Ukame ulipozidi, walisukuma ng'ombe wao humo, wakaita eskaveta ikafukia. Tangu siku hiyo Noonkishu alikuwa akija hapo kila mchana. Anawaita kwa majina. Anasema wanaitikia.

"Ile trekta kubwa," mzee akasema, "inanguruma kama dume letu lililokuwa linaongoza. Nikisikia mimi moyo unaruka. Yeye atasikia namna gani?"

"Na wewe mzee, umewahi kusikia wakiitikia?"

Alitazama chini. "Mimi ni mzee, masikio yangu si mazuri," akasema. Lakini pale yadi alikuwa amechagua trekta kwa masikio hayo hayo.

Lemayian alikuwa amesikia tunachoongea. Alinijia akaniambia polepole kwamba mama yake ni mgonjwa, kwamba amemtafutia chumba kwake Rongai karibu na daktari, na kwamba nyasi zikishapandwa watakodisha shamba lote na wazee waondoke. "Hapa patamuua, mathe. Nataka hapo katikati palimwe leo, asiwe na pa kuketi." Macho yake yalikuwa yamelowa. Sikuona ubaya ndani yake, na mpaka leo siuoni. Alikuwa mtoto anayejaribu kumtoa mama yake mahali.

Nikapanda ile ndogo. Sheria yangu ilikuwa moja: kabla sijalima nilitembea shamba lote, na likiwa kubwa nilizunguka polepole na trekta ikiwa tupu, plau imeinuliwa. Nilizunguka ukingoni, nikaja katikati. Noonkishu aliinuka, akasimama mbele yangu mkono umenyooshwa. Nikapunguza mwendo.

"Takwenya," akanisalimu, kana kwamba tumekutana sokoni.

"Iko," nikaitikia.

"Hapa nalala ng'ombe yangu. Wewe pita huko." Alinionyesha kwa kidole mstari wa kuzunguka, na mstari huo haukufuata nyasi za kijani. Ulitoka nje zaidi, ukapinda, ukaingia ndani kidogo, ukatoka tena. Niliufuata kwa sababu mwenye shamba akikuonyesha njia unaifuata. Lakini nilipofika upande wa mbali, tairi ya mbele iliukanyaga ule mstari, na usukani ukawa mwepesi mkononi mwangu. Mnaoendesha mtanielewa. Ni kama ardhi imevuta pumzi ndani.

Nikasimama. Na hapo nikasikia kengele.

Ilikuwa kengele ya ng'ombe, ile ya chuma, inayofungwa shingoni mwa ng'ombe anayetangulia. Ilikuwa ikilia polepole, hatua, nafasi, hatua. Nikafikiri ni mifugo ya jirani. Nikatazama huku na huku. Mahali pale unaona mpaka vilima vya mbali, na hapakuwa na kitu chochote chenye miguu minne. Nikafikiri ni trekta yenyewe, boliti fulani imelegea inagonga. Nikazima injini ili nisikie vizuri.

Kengele iliendelea. Ilikuwa mbele yangu na chini yangu. Kisha ikasimama, kama inavyosimama mnyama anapoinua kichwa kukutazama.

Noonkishu alikuwa amekuja kando ya gurudumu. "Umesikia," akasema. Hakuniuliza.

Niliwasha trekta, nikarudi nyuma juu ya alama zangu zile zile, polepole, bila kugeuza usukani. Hilo nalo mlishike: ardhi ikikutilia shaka, usigeuze. Rudi ulikotoka, hapo ndipo umeshajua panakubeba.

Nilichukua mtaimbo kwenye lori nikaenda kwa miguu kupiga ardhi. Nje ya mstari wa Noonkishu mtaimbo uligonga udongo, ukatoa sauti ya udongo. Ndani ya mstari ulitoa sauti ya pipa. Niliwaita wanaume nikawaeleza: ng'ombe waliokuwa chini wameoza, mvua iliyopita imebeba udongo kujaza nafasi zao, na sasa juu kuna ganda tu. "Hapa pasilimwe," nikasema. "Si leo tu. Pasikanyagwe na chochote kizito." Kuhusu kengele nilinyamaza. Nilikuwa kazini, na nilikuwa mgeni.

Parsaloi alikubali mara moja. Lemayian alinitazama, akamtazama mama yake, akatazama nyasi za kijani. "Hapo ndipo pazuri kuliko kote," akasema. "Angalia rangi. Yeyo amekuambukiza, mathe." Akamwonyesha mama yake kwa kidevu, akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Alikuwa amefundishwa trekta kazini zamani, kwa hivyo alipopanda ile kubwa hakuna aliyeshtuka. Nilimwita afunge mkanda. Akapunga mkono.

Alipoiwasha, ule mngurumo ulienea shamba lote. Noonkishu aliweka viganja kwenye masikio na kuanza kukimbia kuelekea kwake, akipiga kelele kwa Kimaasai. Sijui Kimaasai cha kutosha, lakini jina la mtoto linaeleweka kwa kila lugha.

Trekta iliingia kwenye nyasi za kijani. Ilienda mbele vizuri, kiasi kwamba hata mimi nilianza kufikiri nimekosea. Kisha gurudumu la nyuma la kushoto likashuka. Halikupiga kelele yoyote. Lilishuka tu mpaka ekseli, trekta ikalala upande, injini ikazima.

Ukiwa umefunga mkanda, unabaki kitini na kile chuma cha nyuma kinakulinda. Lemayian hakuwa amefunga. Aliruka. Aliruka upande wa chini, upande ambao trekta inaangukia, na alipotua ganda likapasuka, mguu wake mmoja ukazama mpaka kwenye paja. Alijaribu kuutoa. Haukutoka. Juu yake trekta nzima ilikuwa inaelea, na udongo ulikuwa ukitiririka chini ya gurudumu kama sukari inayotoka kwenye gunia. Kila alipojitikisa, trekta iliinama zaidi.

"Usijitikise!" nikampigia kelele. "Lemayian, kaa kama ulivyo!"

Nilipanda ile ndogo. Niliileta kwa kuzunguka nje ya mstari mpaka upande wa juu, dereva wa lori akatambaa akafunga mnyororo kwenye fremu ya ile kubwa. Niliweka gia ya chini kabisa, nikawasha magurudumu yote manne, nikauvuta mnyororo mpaka ukanyooka. Trekta ya kimo kile haiwezi kuinua kubwa. Nilijua. Nilichotaka ni kuizuia isiende, angalau kwa muda. Lakini magurudumu yangu yalianza kukokotwa nyuma, taratibu, nikiyaona yakichora mifereji kwenye udongo. Nilikuwa nazuia kitu kilichonizidi, na niliona uso wa yule kijana kule chini, umejaa vumbi, akiangalia tairi iliyokuwa juu yake.

Noonkishu akalala kifudifudi. Alitambaa juu ya zile nyasi, mwepesi, shuka lake likimfuata. Parsaloi alimshika mguu akafuata nyuma yake naye akitambaa. Noonkishu alipomfikia mtoto wake hakumshika. Aliweka mdomo wake chini kwenye ufa, pale mguu ulipoingia, akaanza kuongea. Nilisikia majina, moja baada ya lingine, kama mwalimu anayeita watoto darasani. Halafu, labda kwa sababu alitaka nasi tuelewe, alisema kwa Kiswahili.

"Muache huyo. Huyo ni yangu."

Sasa nawaambia kilichotokea kwenye mnyororo, maana mnyororo ni kazi yangu. Mnyororo unaovutwa na uzito wa aina ile unakuwa kama fito, unasikia unalia. Wangu ulikuwa hivyo. Noonkishu aliposema maneno yale, mnyororo ulilegea. Haukukatika. Ulilegea mpaka katikati ukagusa nyasi. Hapo mimi sikuwa nikirudi nyuma hata kidogo, na trekta yangu ilikuwa bado inavuta. Ile kubwa ndiyo ilikuwa imeinuka. Iliinuka upande ule uliozama, kidogo, kama mgonjwa anayeinuliwa bega ili mtu atoe mto, ikakaa hivyo.

"Sasa!" Parsaloi akasema. Noonkishu alimshika mtoto chini ya kwapa, mzee akamvuta Noonkishu, dereva akamvuta mzee, Lemayian akatoka. Walipofika nje ya mstari, mnyororo ulikaza kwa kishindo. Niliachilia. Ile kubwa ililala ubavu, polepole, bila mtu chini yake.

Tulimpeleka hospitali Kajiado. Kifundo kilikuwa kimeteguka, basi. Mama yake aliketi nyuma naye, kichwa cha mtoto mapajani, mtu mzima mwenye ndevu.

Baadaye ililetwa eskaveta ya mkono mrefu, ikaivuta trekta ikiwa imesimama mbali kwenye ardhi ngumu. Nilikuwepo, na Fundi Mutiso alikuja akiwa na koti lake. Tairi ya nyuma ilipotokea, kati ya meno yake palikuwa na kitu kimekwama. Mutiso alikitoa kwa bisibisi, akakipangusa, akampa Parsaloi. Ilikuwa kengele. Mdomo wake ulikuwa umezibwa na udongo mweusi uliokauka kama saruji. Mutiso aliutoboa wote ukatoka, akaitikisa, haikulia. Ndani hapakuwa na ulimi.

"Niliutoa mimi," Parsaloi akasema. "Siku ya kuwazika. Nilisema huyu mama asije akaisikia ikilia eskaveta ikilifukia dume letu." Aliishika ile kengele kifuani kwa mikono miwili. Kisha akanigeukia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa jibu lolote atakalopewa. "Mama Shiko. Wewe siku ile ulizima injini ukasikiliza. Ulisikia nini?"

Noonkishu alikuwa amesimama karibu. Watu wote wa boma lile walikuwa wamemwambia kwamba hakuna kitu, na daktari alikuwa anamngoja Rongai. Niliangalia ile kengele isiyo na ulimi.

"Nilisikia kengele, mzee," nikasema. "Polepole. Kama ya anayetangulia."

Mzee alivuta pumzi ndefu. "Hata mimi," akasema. "Hata mimi, tangu mwanzo." Noonkishu alimgeukia bwana yake, akamchapa begani kwa kiganja, kofi la kweli, akaenda kuwasha moto wa chai.

Walinunua ile ndogo ya bluu. Ni chaguo ambalo ningewapa hata kama hapangekuwa na shimo. Kwa ekari kumi za nyasi, udongo wa namna ile na mzee anayeendesha mwenyewe, trekta nyepesi yenye magurudumu manne ya kuvuta, yenye nguvu ya kutosha kuzungusha mashine ya kukata, ndiyo inayofaa. Kile kiraka kilizungushiwa miti ya miiba. Habari ya kumhamisha mama kwenda Rongai sikuisikia tena.

Nilirudi kufanya sevisi ya kwanza. Mvua ilikuwa imenyesha, nyasi zimeota vizuri, zimekatwa upande mmoja na kufungwa. Nilimkuta Lemayian. Siku hizo alikuwa anakuja kila mwisho wa wiki. Alinishikia ndoo nikimwaga oili chafu, kisha akazungukazunguka, mpaka nikajua ana neno.

"Mathe," akasema, "siku ile mguu ukiwa ndani, kulikuwa na joto. Kitu kinapumua. Kinapumua kwa mguu wangu, kwa nguvu, hivi." Akapuliza pumzi puani, fupi na nzito.

Nilimwambia lile ambalo mtu wa mashine angesema. Mizoga ikioza inatoa gesi, gesi ina joto, ganda likipasuka inatoka kwa kishindo. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Gesi hailambi, mathe," akasema.

Nilifunga nati ya oili, nikaikaza, nikaikaza tena bila sababu. Mimi nilikuwa nimeuona ule mguu. Siku ile sisi sote tulitoka pale tumejaa vumbi jeusi hadi kwenye kope, na mguu wake ndio uliokuwa umeingia ndani kabisa ya udongo. Nilipomshika kumpandisha kwenye gari niliutazama. Kiatu hakikuwepo, soksi haikuwepo, na kuanzia goti kwenda chini ulikuwa safi, na vinyweleo vyote vimelala upande mmoja vikiwa vimelowa, kama vya ndama aliyezaliwa sasa hivi.